Maji ya Ghorofa ya Saba

Gari la matangazo la halmashauri lilizunguka mitaani tangu asubuhi, na kipaza sauti chake kilikuwa na habari njema tupu. Ukuta wa bahari umekamilika. Taa za barabara ya ufukweni zinawaka zote. Ubora wa maisha katika majengo mapya umepanda kuliko ilivyotarajiwa. Inspekta alisimama chini ya Jengo la Kwanza akasikiliza mpaka mwisho, maana alitaka kujua kama wangesema lolote kuhusu maji. Hawakusema.

"Hiyo ya maji tunaisubiri kutoka kwako," alisema Afisa Habari wa halmashauri, kijana mtanashati mwenye simu mbili na jasho la watu watatu. "Alasiri nina wanahabari. Nataka niwaambie kesi imekwisha."

"Kesi ya nani?"

"Ya fundi wa pampu, Inspekta. Si mmeshamweka ndani?"

"Tumemweka ndani. Kuwekwa ndani na kuwa na hatia ni vitu viwili."

Afisa Habari alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani ametaniwa. Akaanza kumwaga hoja zake tena, kama alivyozimwaga jana kwenye simu. Jengo hili na mwenzake, Jengo la Pili lililo ng'ambo ya ua, yalijengwa kwa ajili ya watu wa ufukweni ambao nyumba zao zilianza kuliwa na bahari. Kila kitu kipya. Lakini tangu wahamie, maji ya Jengo la Kwanza hukatika bila sababu, yakarudi yenyewe jioni, yakakatika tena wiki nyingine. Watu walinung'unika, wakazoea. Kisha juzi mama mmoja mtu mzima akaanguka na ndoo kwenye ngazi za ghorofa ya nne, akavunjika nyonga. Ndipo manung'uniko yakawa jalada la polisi.

"Kufuli ya chumba cha pampu imevunjwa," alisema Afisa Habari. "Na pale getini kuna muuza maji wa mkokoteni. Unajua ni nani? Shemeji wa fundi! Fundi anakausha, shemeji anauza. Hiyo inahitaji upelelezi gani?"

"Na ikionekana si fundi?"

"Kanuni ya makazi iko wazi. Anayeharibu huduma akiwa mfanyakazi, mahakamani. Akiwa mkazi, nyumba inarudi halmashauri na yeye anatoka. Hakuna cha umri wala machozi." Alifuta shingo yake. "Lakini ni fundi."

Inspekta alianza kutembea kuelekea getini. Usiku uliopita alikuwa amezungumza na fundi mahabusu, mtu mnene mpole aliyejibu kila swali kwa adabu. Alimuuliza kuhusu funguo zote. Wa lango, anao na halmashauri wanao. Wa chumba cha pampu, anao yeye. Walipofika kwenye wa mlango wa paa, fundi alianza kukohoa. Alikohoa mpaka Inspekta akamwagizia maji, na alipomaliza kunywa akasema, "Huo pia niandikieni mimi." Mtu mwenye ufunguo husema, "Ninao." Husikii mtu akisema, "Niandikieni."

Muuza maji aliwaona wakija, hakukimbia. Alikaa juu ya mkokoteni wake akila muwa.

"Wewe ni shemeji yake fundi?" aliuliza Inspekta.

"Kaoa dada yangu. Hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua."

"Maji yakikatika hapa, wewe unauza."

"Mzee wangu, mimi nauza maji, siuzi kiu." Alitema makapi pembeni, kwa heshima, mbali na viatu vya Afisa Habari. "Hebu tazama pale. Unaona lile bomba nje ya Jengo la Pili? Bure. Hapa yakikauka, wote wanateremka na ndoo wanakwenda kupanga foleni pale. Nani anunue kwangu? Siku hizo nasukuma mkokoteni nakwenda mtaa wa nyuma. Mimi nauza siku maji yanapotoka, kwa wale wenye mashaka nayo, wanaosema yana harufu ya dawa."

"Anadanganya," alisema Afisa Habari.

"Muulize yeyote."

Inspekta aliuliza yeyote. Aliwauliza kinamama wawili waliokuwa wakitoka sokoni na mzee aliyekuwa akirekebisha kiti chake kivulini. Wote walisema hivyo hivyo, na wote walitabasamu walipoitaja ile foleni. Mzee alisema siku ya bomba ndiyo siku pekee anayojua nani kajifungua na nani mgonjwa. Siku nyingine ni komeo kwa komeo. "Kule chini tulikuwa tunapigiana kelele madirishani," alisema, akiutazama upande wa bahari ambako sasa palionekana ukuta mweupe tu. "Hapa hata kelele zinaona haya."

Inspekta alirudi kwa muuza maji. "Siku yule mama alipoanguka ulikuwa wapi?"

"Mtaa wa nyuma, si nimekwambia? Nilisikia jioni." Akaacha kutafuna. "Shemeji yangu atatoka?"

"Akiwa hana hatia."

"Hana. Ana uvivu wa kupanda ngazi tu, basi."

Nyuma ya jengo kulikuwa na kamba za kuanikia nguo, na chini ya kamba alikuwepo mama wa ghorofa ya chini, ambaye alikuwa amesubiri serikali kwa muda mrefu na sasa aliiona ikija kwa miguu yake mwenyewe.

"Wewe ndiye mkubwa?" alimwambia Inspekta. "Nguo zangu zililowa juzi."

"Nguo hulowa, mama. Ndiyo kufua."

"Usinifanyie utani. Nilizifua siku moja kabla. Zilikauka! Nakuja kuzianua, nazikuta zinachuruzika. Shuka, sare za watoto, kila kitu."

"Labda ni mvua."

"Mvua gani? Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Siku ile ile bomba limekauka ndani, hata ya kupikia sina, nje nguo zinaoga!" Aligeukia Afisa Habari. "Hilo mbona halimo kwenye gari lenu la matangazo?"

Inspekta aliinua macho. Kutoka ukingoni mwa paa lilichomoza bomba fupi, na chini yake ukuta mpya ulikuwa na mfereji wa ukungu wa kijani, ulioteremka ghorofa zote mpaka kwenye kamba. Ukungu hauoti kwa maji ya siku moja.

"Kufuli ya chumba cha pampu, mama. Unajua nani kaivunja?"

"Sisi." Alisema bila hata kupunguza sauti. "Yule mama alipoanguka, tulipandwa na hasira. Fundi alikuwa kaitwa halmashauri. Tukasema, leo tutaiona hiyo pampu mfu. Tukavunja. Tumeikuta inakoroma kama mume aliyeshiba! Nzima kabisa. Tukabaki tunatazamana."

"Mlimwambia nani?"

"Nani katuuliza?"

Afisa Habari alikuwa akiandika ujumbe kwenye simu. Inspekta alimwekea mkono begani, taratibu, mpaka akaacha.

"Nisikilize. Pampu iko chini, inasukuma maji kwenda kwenye tangi la paani. Tangi ndilo linalogawa maji kwenye mabomba ya watu. Sawa?"

"Sawa."

"Juzi pampu ilikuwa inafanya kazi. Tangi lilikuwa limejaa mpaka linamwagikia nguo za huyu mama. Na mabomba yalikuwa makavu. Kati ya tangi na mabomba kuna nini?"

Afisa Habari alitazama juu. "Bomba kubwa la kuteremshia."

"Lenye?"

"Koki," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mtu anafunga koki."

"Mtu anafunga koki, baadaye anaifungua. Twende juu."

Mlango wa lifti ulikuwa na kibandiko cha matengenezo, na kibandiko chenyewe kilikuwa kimeanza kuzeeka. Walipanda kwa miguu. Ghorofa ya nne Inspekta alisimama, na Afisa Habari akashukuru kwa kushika ukuta. Hapa ndipo mama alipoangukia. Ngazi zilikuwa zimepigwa deki, ila kwenye kona palibaki kipande cha mpini wa ndoo ambacho hakuna aliyejisumbua kukiokota.

"Ndoo ilikuwa inapanda au inashuka?"

"Inapanda. Ilikuwa imejaa. Maji yalifika mpaka mlango wa chini."

"Na yule mama anaishi wapi?"

"Jengo la Pili, chini." Afisa Habari aligeuka akazitazama ngazi. Ilimjia polepole, na Inspekta alimwacha imfikie mwenyewe.

"Jengo la Pili kuna maji," alisema hatimaye.

"Bomba liko mlangoni pake. Hana shida ya maji. Ana goti bovu, nimeliona hospitali, amelifunga kitambaa cha zamani kabisa. Sasa mtu mwenye goti bovu na maji yake nyumbani anafanya nini na ndoo iliyojaa kwenye ngazi za jengo la watu?"

Hilo la hospitali lilikuwa limemsumbua Inspekta tangu asubuhi. Alikuwa amepita wodini kumhoji, na yule mama, mwembamba, mkali wa macho, alijibu kila swali kwa neno moja. Aliteleza. Hakusukumwa. Hamlaumu mtu. Kisha yeye ndiye akauliza, "Maji yamerudi kule?" Inspekta, kwa nia njema kabisa, akamwambia yamerudi, yanatoka vizuri, asiwe na wasiwasi. Mama yule aliugeuzia uso ukuta. Katika watu wote aliowahoji, huyo peke yake ndiye aliyehuzunika kusikia maji yamerudi.

Mlango wa paa ulikuwa juu ya ngazi fupi, baada ya ghorofa ya saba. Kufuli yake ilikuwa nzima, imetiwa mafuta. Afisa Habari alianza kupekua simu atafute wa kumletea ufunguo, lakini Inspekta aligonga mlango wa nyumba iliyo karibu zaidi.

Alifungua bibi mnene, mrefu, mwenye mtandio uliofungwa kwa uangalifu kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mnataka paa?" Wala hakusubiri jibu. Alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa ufunguo kwenye msumari, akawapa. "Mrudishe. Fundi asije akanisema."

Afisa Habari alifungua mdomo. Inspekta alimkanyaga mguu, kidogo tu, wakapanda.

Tangi lilikuwa jeusi na kubwa kuliko chumba cha mahabusu. Inspekta alifunua kifuniko akachungulia. Boya, lile tufe la plastiki linaloelea na kuzuia maji tangi likijaa, lilikuwa limekatika shina, linaogelea peke yake pembeni.

"Limeharibika lini?"

"Fundi aliomba jingine tangu mwanzo," alisema Afisa Habari kwa sauti ndogo. "Liko kwenye bajeti ijayo."

"Basi bila boya, mtu lazima aangalie tangi kwa macho, ampigie kelele fundi azime pampu. Na fundi ni mvivu wa ngazi. Kwa hiyo akamwachia ufunguo jirani wa karibu. Akisema hivyo kituoni anafukuzwa kazi kwa kugawa funguo za serikali. Ndiyo maana alikohoa." Alichuchumaa kwenye koki iliyo chini ya tangi. "Na hiki ukione mwenyewe."

Mpini wa koki ulikuwa umevishwa kitambaa. Kilizungushwa mara kadhaa, kikashonwa kwa uzi, mishono midogo iliyonyooka. Sehemu ya chuma iliyobaki wazi ilikuwa imeondokwa na kutu, inang'aa.

"Fundi ana mikono ya kufungua hii kwa vidole viwili," alisema Inspekta. "Anayeweka kitambaa ni mwenye mikono inayouma."

Nyumba ya ghorofa ya saba ilikuwa safi mpaka inasikitisha. Viti viwili, meza, dirisha. Kiti kimoja kilikuwa kimegeuzwa dirishani, na Inspekta alipomrudishia mwenyeji ufunguo alitupa jicho nje aone kinachotazamwa. Bahari haikuonekana. Palionekana ua, bomba la nje, na mlango wa chini wa Jengo la Pili.

"Majirani wanakuitaje, mama?"

"Bi Mkubwa. Tangu kule chini."

"Na aliyeanguka wanamwita Bi Mdogo."

"Ndivyo." Alikaa. "Mume wetu alikuwa fundi saa. Alitengeneza saa za mji mzima, ya kwake ikamshinda, akaondoka kabla ya wakati. Tukabaki wawili kwenye ua mmoja. Miaka mingi, mwanangu. Vijana hawa wakatuhamisha."

"Tuliwapa kila mmoja nyumba yake," alisema Afisa Habari upesi. Alikuwa bado mlangoni. "Familia nyingine zilipata moja tu. Tuliona, wake wenza, ugomvi kila siku… Tulidhani mtapata raha."

"Mlitupa vizuri. Choo ndani, maji ndani, hata jua mmeliingiza ndani." Bi Mkubwa alimtazama kwa upole. "Mtu ndiye mliyemwacha nje."

Inspekta alivuta kile kiti kingine, hakukikalia. "Bi Mkubwa, nakuuliza kama polisi. Koki ya paani anaifunga nani?"

"Mimi."

Alisema kama mtu aliyeulizwa nani kapika. Simu moja ya Afisa Habari ililia, naye akaizima bila kuitazama.

"Kabla hujaendelea nikuonye," alisema Inspekta. "Utakayosema nitayaandika. Ukiyasaini kituoni, kwa kanuni zao nyumba hii unaipoteza. Umesikia?"

"Nimesikia. Andika." Alikunja mikono yake mapajani, vidole vimevimba kwenye viungo. "Siku ya kuhama nilisimama mbele ya watu wote, mdomo wangu huu, nikasema, 'Leo nimeutua mzigo, sasa nitapumua.' Naye mdomo wake unaujua? Akajibu, 'Pumua, na mimi nitalala.' Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sasa niambie, baada ya maneno hayo, nani aanze kumgongea mwenzake mlango?"

"Mngesalimiana tu," alisema Afisa Habari.

"Mwanangu, wewe una mke mmoja. Nyamaza."

Afisa Habari aliegemea fremu ya mlango.

"Mkubwa hamfuati mdogo. Na mdogo haji kwa mkubwa bila sababu, ataonekana kaja kuomba. Ndivyo tulivyoishi. Kule chini sababu zilikuwa tele. Chumvi, kiberiti, kuku wake kaingia kwangu. Hapa kila mtu ana kila kitu." Akavuta pumzi. "Nilikuwa na hamu naye, Inspekta. Nakwambia wazi, umri huu sina cha kuficha. Nilikuwa na hamu hata ya kusikia akinisengenya upande wa pili wa ukuta. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa wa ghorofa hii ni watu wazuri, wananisalimu, lakini hakuna hata mmoja anayejua mume wangu alikuwa anakoroma."

"Ikawaje?"

"Pampu iliungua. Mara ya kwanza, kweli iliungua. Nikasikia ngo, ngo. Nafungua, yeye, na ndoo kichwani, anahema. 'Nimesikia huna maji. Usidhani nimekuja kukuona.' Nikamwambia sikudhani. Akakaa kiti hicho. Tuligombana mpaka jua likazama, nani alimharibu mume kwa kumdekeza. Siku tamu kuliko zote tangu tuhame." Alitabasamu, kisha tabasamu likamponyoka. "Pampu ikapona. Akawa haji. Nilikaa dirishani namwona anatoka, anaingia, anafagia kizingiti. Hajawahi kuinua macho. Wiki zikapita. Na ufunguo ninao, fundi kanipa nimwangalizie tangi. Nikafunga. Kabla ya mchana, ngo, ngo."

Inspekta aliandika. Aliuliza mara ngapi, akajibiwa hajui, kila hamu ilipomshinda. Aliuliza kama kuna aliyemsaidia, akajibiwa hakuna. Swali la mwisho alilichelewesha kidogo.

"Juzi?"

"Nilikuwa nimeshateleka chai. Nilisikia ndoo." Aligeukia mlango. "Nilisikia ndoo inashuka ngazi peke yake, nikajua. Nimeteremka ghorofa tatu sijui kwa miguu ya nani. Nikamweka kichwa hapa mapajani mpaka watu wakaja. Unajua aliniambia nini? 'Maji yamemwagika. Ngoja, nitarudi kuchota.' Na mimi ndiye niliyeyafunga." Machozi yalimtoka akayaacha yateremke. "Sijakwenda hospitali. Nitamtazama kwa macho gani?"

"Kuna mtu mwingine wa kutazamwa," alisema Inspekta. "Fundi yuko mahabusu kwa jambo hili. Hajakutaja."

Bi Mkubwa aliinua kichwa. Ilikuwa wazi hakuna aliyemwambia. "Fundi? Kwa nini asiseme? Ana watoto yule!" Tayari alikuwa amesimama, akitafuta viatu vyake chini ya meza. "Twendeni. Mtu hafungwi kwa hamu zangu."

"Nyumba, Bi Mkubwa. Utakwenda wapi?"

"Sijui. Hilo si lake fundi."

Afisa Habari aliwapisha mlangoni, kisha akawafuata ngazi za ghorofa zote saba, na kwenye ghorofa ya nne ndiye aliyemshika bibi mkono. Chini, gari la matangazo lilikuwa limerudi, linaelezea ubora wa maisha. Alikwenda akazungumza na dereva kupitia dirishani, na kipaza sauti kikazimwa.

"Wanahabari niwaambie nini?" alimuuliza Inspekta.

"Waambie boya limeharibika na mmelinunua."

Kituoni mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Maelezo yaliandikwa, yakasomwa kwa sauti, Bi Mkubwa akatia saini bila kutetemeka. Fundi alitolewa akiwa ameshika mkanda wake mkononi. Alipomwona bibi kwenye benchi, alitaka kukohoa tena.

"Usinikoholee," alimwambia. "Nimeshasema. Nenda kwa mkeo."

Fundi aliinama akamshika mikono yote miwili, akaondoka huku anafunga mkanda. Inspekta alifunga jalada. Halmashauri ingeleta barua ya kuitaka nyumba. Hilo halikuwa mikononi mwake, na hakumdanganya bibi kwamba lilikuwa. Alimwambia kwamba kwa umri wake angeachiwa kwa dhamana ya polisi, na kwamba anaweza kumpeleka anakotaka.

"Unajua ninakotaka," alisema Bi Mkubwa.

Walifika wodini saa ya kuona wagonjwa ikiwa imeshapita. Nesi alisimama katikati ya mlango, akautazama mtandio wa Bi Mkubwa na kofia ya Inspekta, na vyote viwili havikumtisha.

"Saa hizi ni ndugu wa karibu tu. Mama, wewe ni nani wake?"

Bi Mkubwa alifungua mdomo. "Jirani…" alianza, akaliacha. "Yeye na mimi tuliolewa na mume mmoja."

"Mume yuko wapi?"

"Amefariki, zamani."

"Kwa hiyo si ndugu."

Inspekta alikuwa ameshaanza kutoa kitambulisho chake. Alipomgeukia, alimwona Bi Mkubwa amesimama wima, mikono imemlegea pembeni, anatafuta neno ambalo halikuwepo. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtaka alitaje. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee.

"Nesi!" Sauti kali ilitoka kitanda cha mwisho. "Mwache apite huyo. Nimechoka kumgombeza hayupo."

Nesi alipisha. Bi Mkubwa alitembea katikati ya vitanda kama anayevuka mto, akasimama miguuni pa Bi Mdogo. Inspekta alibaki mlangoni, akageuka nusu, ila masikio hayageuki.

"Maji nilikuwa nafunga mimi," alisema Bi Mkubwa.

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu mara ya pili. Pampu gani inaharibika wewe unanisubiri na chai imeshaiva? Ningekuwa sijui, ningepanda ngazi zile na goti hili?"

Bi Mkubwa alishika chuma cha kitanda. "Umevunjika kwa ajili yangu."

"Nimevunjika kwa ajili ya ngazi. Acha kujipa ukubwa."

"Nimesema polisi. Nyumba wananinyang'anya."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kujifanya amelala. Bi Mdogo aligeuza macho yake makali akamtazama mwenzake kuanzia mtandio mpaka viatu.

"Kwangu kitanda ni kimoja," alisema. "Na upande wa ukutani nalala mimi."

"Mkubwa ndiye hulala ukutani."

"Na mwenye nyumba hulala anapotaka," alisema Bi Mdogo, akausogeza mkono wake wenye dripu, polepole, ili mwenzake apate pa kukaa.